Habari za Picha za Mifupa, Tangu Kioo Hata Kaseti ya Kompyuta

Katika kitabu cha Jubilei desturi ni kusimulia habari za makanisa yaliyojengwa, na shule, na majina ya wale waliotutangulia. Habari hizo ni njema, na wengine wameziandika vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nataka kueleza habari ya chumba kimoja tu cha hospitali, chumba ambacho watu wengi wamekiingia na maumivu yao, wakavuliwa shati, wakaambiwa, "Vuta pumzi, usipumue," kisha wakatoka nje bila kujua ni nini kilichotendeka humo. Ni chumba cha eksirei.

Sababu ya kukiandika ni hii. Hospitali nyingi za nchi yetu, za makanisa na za serikali, zimekwisha kuacha filamu za zamani au zimo katika kuziacha, na mahali pake huwekwa mtambo wa kompyuta. Mara nyingi fedha yake, au sehemu ya fedha hiyo, hutoka katika sadaka za mitaa yetu au kwa marafiki wa ng'ambo. Mwalimu au mzee wa kanisa aketiye katika baraza la hospitali huulizwa, "Je, tununue huu au ule?" Naye hutazama bei, akajibu. Lakini bei ni neno la mwisho katika shauri hili. Yako maneno yaliyo mbele yake, na mtu akiijua historia ya picha hizi huyaona bila taabu.

Sisi wa Maramba twajua haja yake. Mji wetu uko chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, kuelekea mpaka wa Kenya, na wakazi wake ni Wasambaa, Wabondei na Wadigo, pamoja na wengine ambao wazee wao walikuja kwa kazi ya mkonge. Hapa mtu huanguka kutoka juu ya mnazi au mchungwa. Kijana wa bodaboda huteleza katika matope ya masika akavunja mguu. Mama hukohoa wiki sita akidhani ni baridi tu, kumbe ni kifua kikuu. Katika mambo hayo daktari mwenye vidole vyema hukisia mengi, lakini kukisia si kuona. Kabla wilaya ya Mkinga haijakatwa, Maramba ilikuwa katika wilaya ya Muheza, na kwa miaka mingi hospitali teule ya wilaya ilikuwa ile ya Muheza, iliyozaliwa na kazi ya Misheni ya Vyuo Vikuu, wale wale waliojenga Magila mwaka 1868. Aliyeshindikana Muheza alipelekwa Bombo, Tanga. Basi fikiri safari ya mtu aliyevunjika paja, amelazwa nyuma ya gari, killa shimo la barabara likimkumbusha mfupa wake. Akifika, akaambiwa kwamba mashine imekufa, au filamu zimekwisha, huyo ameteswa mara mbili. Haja yake si mashine iliyo nzuri kupita zote duniani. Haja yake ni mashine ifanyayo kazi siku ile aliyofika.

Sasa na tuanze mwanzo. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu wa fizikia aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akijaribu umeme ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa aliifunika kwa karatasi nyeusi, na chumba kilikuwa giza. Akaona kipande cha karatasi kilichopakwa dawa, nacho kiko mbali na chupa, kinang'aa. Akajua ya kuwa kuna kitu kitokacho katika chupa, kikapita katika karatasi nyeusi, nacho hakionekani kwa macho. Kwa kuwa hakukijua ni nini, alikiita X, kama wafanyavyo wanafunzi wetu katika hesabu za aljebra kwa namba wasiyoijua. Tarehe 22 Desemba mwaka ule ule alimwita mke wake, Anna Bertha, aweke mkono juu ya kioo cha picha, na mifupa ya vidole vyake ikaonekana, pamoja na pete. Mwaka 1901 Röntgen alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia. Wala hakutaka kuchukua hati ya kuimiliki kazi hiyo ili apate faida. Aliiacha iwe ya watu wote.

Hata Afrika haikukawia kuiona. Mwaka 1898 jeshi la Waingereza na Wamisri lilipopanda mto Nile kwenda Sudan, daktari wa jeshi, John Battersby, alichukua mashine ya eksirei mpaka mahali paitwapo Abadieh. Habari zake zatufaa sana, kwa kuwa taabu aliyoipata yeye ndiyo taabu ya hospitali zetu hata leo. Kwanza, joto. Joto la jangwa lingaliharibu vyombo vyake, basi alivifunika kwa blanketi nzito za sufi zilizolowanishwa maji mchana kutwa. Pili, umeme. Huko umeme haukuwako, basi alitumia baiskeli ya watu wawili: askari wakapanda, wakazungusha miguu, na gurudumu likaendesha dainamo iliyojaza betri. Baada ya vita vya Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898, Waingereza waliojeruhiwa walioletwa kwake walikuwa 121. Katika hao walikuwako 21 ambao risasi zao hazikupatikana, wala haikujulikana kama zimo au hazimo, kwa njia za kawaida za madaktari. Kwa eksirei alipata jibu la hakika kwa watu 20. Yule mmoja aliyebaki alikuwa hoi mno, hakuweza kupigwa picha. Naona hesabu hii yatosha kumjibu mtu asemaye kwamba vyombo hivi ni vya miji mikubwa tu. Battersby alifaulu jangwani kwa sababu kabla ya kufikiri picha alifikiri joto, na umeme, na watu wa kuuzungusha.

Picha za siku zile zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa yenye fedha, yaani madini ya fedha. Vioo ni vizito na huvunjika, basi ikaja filamu, nyepesi na yenye kukunjika. Lakini filamu za kwanza zilifanywa kwa kitu kinachoshika moto upesi kama baruti. Tarehe 15 Mei 1929, katika hospitali ya Cleveland huko Marekani, filamu za eksirei zilizowekwa chini ya nyumba zilishika moto, na moshi wake wa sumu ukapanda vyumbani. Watu zaidi ya 120 walikufa. Ndipo filamu isiyowaka upesi ilipoenea mahali pengi.

Na filamu, hata iliyo salama, yataka chumba cha giza. Wazee waliofanya kazi katika vyumba hivyo wajua. Mlango hufungwa, taa nyekundu hafifu huwashwa, filamu hutolewa katika kaseti (kaseti hii si ile ya muziki, bali ni kama sanduku bapa lisilopitisha nuru), kisha hutiwa katika dawa ya kwanza, halafu maji, halafu dawa ya pili, halafu maji tena muda mrefu, halafu huanikwa. Dawa ile ya kwanza hupenda joto la digrii 20, na muda wake ni kama dakika 4 au 5. Haya, ni wapi Tanga, mwezi wa Februari, utakapopata maji ya digrii 20? Dawa ikipata moto mno filamu huwa nyeusi upesi, na ule utando wake wa gelatini hulainika ukachubuka kama ngozi ya embe bivu. Wengine walitumia barafu. Wengine walifanya kazi alfajiri. Wengine walipunguza dakika kwa kukisia, na picha zao zikawa za kukisia vilevile. Wakati wa mvua maji ya bomba huja na tope, na punje ya mchanga ikikaa juu ya filamu ya kifua, yaweza kuonekana kama ugonjwa. Filamu zenyewe, zikikaa ghalani katika joto na unyevu wa pwani, hupata ukungu kabla siku yake ya mwisho haijafika. Hata zilipokuja mashine za kuosha filamu zenyewe, tangu miaka ya 1950, maji na dawa na joto vilibaki kuwa mabwana wa kazi ile.

Bwana mwingine ni umeme. Bonde letu la mto Pangani lilipata mtambo wa nguvu za maji katika miaka ya 1930. Mwaka 1964 ukaja wa Hale, na mwaka 1995 ule mpya wa maporomoko ya Pangani. Kwa hiyo mtu aweza kudhani sisi wa Tanga tu karibu na kisima cha umeme, hatuna haja ya kuhangaika. Lakini eksirei haili umeme kama taa. Chukua hesabu hii, nanyi walimu mwaweza kuwapa watoto: mashine ikitumia volti 80,000 na miliampea 500, kizidishe kimoja kwa kingine, utapata wati 40,000. Ni kweli kwamba hutumia nguvu hiyo kwa sehemu ndogo ya sekunde tu. Hata hivyo katika dakika ile waya mwembamba na transfoma dhaifu haviwezi kuipa, na picha hutoka hafifu. Tena katika miaka ya ukame, kama 2006 na 2011, mgao wa umeme uliwafikia wote, na umeme ukirudi kwa kishindo huweza kuua chombo kilichogharimu mamilioni. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika miaka ya 1980, lilitoa mfano wa mashine ya eksirei kwa ajili ya hospitali ndogo: mashine sahili, yenye mkono mmoja ushikao taa na kaseti pamoja ili mpiga picha asikosee mahali, na yenye kutumia betri ambazo hujazwa polepole na umeme hafifu. Shirika lilichapa na vitabu vya kufundishia, kimoja cha kupiga picha, kimoja cha kuzisoma, na kimoja kizima cha kazi ya chumba cha giza. Battersby na baiskeli yake angalielewa kila ukurasa.

Sasa twafika kwenye kompyuta. Nalisema kwamba filamu ina madini ya fedha. Mwanzo wa mwaka 1979 bei ya fedha duniani ilikuwa kama dola 6 kwa aunsi moja. Januari 1980 ikapanda ikakaribia dola 50, kwa kuwa matajiri wachache wa Marekani walijaribu kuinunua yote. Bei ikaanguka tena mwaka ule ule, lakini watengeneza filamu walikwisha kutishika. Huko Japani kampuni ya Fuji, ambayo riziki yake ilikuwa filamu, ilikuwa imekwisha kuanza kutafuta njia ya kupiga picha pasipo filamu. Mwaka 1981 ikaionyesha kazi hiyo mbele ya madaktari wa mataifa, na mwaka 1983 ikauza mtambo wa kwanza. Mtambo ule wa kwanza ulikuwa mkubwa na wa bei kali, haukuwa wa watu kama sisi. Baadaye ulipungua, hata leo kisomaji chake chakaa juu ya meza.

Kazi yake ni hii. Kaseti i kama ile ya zamani kwa ukubwa na umbo, huingia katika meza ile ile ya eksirei, lakini ndani yake badala ya filamu mna bamba lililopakwa chumvi ya bariamu yenye europiamu kidogo. Miale ya eksirei ikilipiga bamba, nguvu yake hunaswa humo kama maji yaliyonaswa katika vishimo vya mwamba. Kisha kaseti hutiwa katika kisomaji. Humo nuru nyekundu ya leza, nyembamba mno, hupita juu ya bamba mstari kwa mstari, na kila ipitapo ile nguvu iliyonaswa hufunguliwa, ikatoka kwa nuru ya samawati. Chombo huhesabu nuru ile, kompyuta ikaandika namba, na namba zikawa picha. Mwisho taa kali hulifuta bamba, nalo hutumika tena, mara elfu na elfu. Hakuna maji, hakuna dawa, hakuna giza. Ila bamba lisikae muda mrefu bila kusomwa, kwa maana picha iliyonaswa hufifia. Kwa saa 8 hupoteza kama robo ya nguvu yake.

Basi tazama faida yake kwa hospitali isiyo na mali. Mashine ile ya kutoa miale haibadiliki, wala meza haibadiliki. Kinachobadilika ni filamu na chumba cha giza tu. Kwa hiyo wengi husema, "Tununue mtambo wa kaseti, mambo yamekwisha." Hapo ndipo shauri linapotaka watu wenye subira.

La kwanza kuangaliwa si kompyuta, ni ile mashine ya kale itakayopewa kompyuta. Taa yake ni ya mwaka gani? Miale yake ni thabiti, au leo kali na kesho hafifu? Kama taa imechoka, mtambo mpya utakuwa kama kumvika kanzu mpya mgonjwa mahututi. Atapendeza, lakini hatasimama. Mimi ningaliishauri hospitali ya namna hiyo kutumia fedha yake kwanza kwa taa, na umeme, na kizuizi cha umeme wa kishindo, na kuvumilia filamu mwaka mmoja zaidi.

La pili, na hili silisikii likisemwa mara nyingi katika mabaraza, ni hatari ya picha iliyo nzuri mno. Filamu ya zamani ilikuwa mwalimu mkali. Ukitia miale mingi, picha yawa nyeusi. Ukitia michache, yawa nyeupe. Kosa huonekana papo hapo. Kompyuta ni mpole, husahihisha. Mpiga picha akitia miale michache, picha huwa na chengachenga, na daktari hulalamika. Akitia mara mbili au tatu ya ile ipasayo, picha huwa safi kabisa, na wote humsifu. Basi siku kwa siku mkono huongeza, na mgonjwa hupokea miale isiyo na faida, pasipo mtu kujua. Na miale hii si mchezo. Huko Hamburg, mwaka 1936, ulisimamishwa mnara wenye majina 169 ya madaktari, mafundi na wauguzi wa mataifa mbalimbali waliokufa kwa ajili ya kuitumia kabla madhara yake hayajajulikana vema. Kwa sababu hiyo kila mtambo huonyesha namba ya kumwambia mpiga picha ni miale kiasi gani iliyofika katika bamba. Lakini kila kampuni ilijitungia namba yake! Katika mitambo ya Fuji namba ikishuka maana yake miale imezidi. Katika ile ya Kodak namba ikipanda ndiyo kuzidi, na miale ikiongezeka mara mbili namba huongezeka 300. Agfa nao walikuwa na hesabu yao. Fikiri mpiga picha aliyejifunza kwa Fuji, akahamishiwa hospitali yenye Kodak; atafanya kinyume kwa moyo safi. Mwaka 2008 ikatolewa sheria moja ya kimataifa ya namba hizo. Kwa hiyo baraza na liulize, "Je, mtambo huu waonyesha namba ya kimataifa?" Tena liulize, "Nani atakayeiandika namba hiyo kila mwezi, na nani atakayeisoma?" Muuzaji akicheka swali hili, afadhali atafutwe muuzaji mwingine.

La tatu ni lugha ya mtambo. Iko lugha moja ya picha za hospitali iitwayo DICOM, ambayo umbo lake la leo lilitoka mwaka 1993. Mtambo uisemao waweza kupeleka picha kwa kompyuta ya kampuni yoyote, na kwa daktari bingwa aliye mbali, Muhimbili au KCMC. Wauzaji wengine hufungua lugha hii nusu, wakataka malipo mengine kwa nusu ya pili. Na iandikwe katika mkataba. Kwetu jambo hili ni kubwa, kwa sababu mabingwa wa kusoma picha ni wachache, nao wengi wako mijini. Picha iwezayo kusafiri kwa simu huokoa safari ya mgonjwa. Kuhusu mahali pa kuziweka picha, hofu ni nyingi kuliko hesabu. Picha moja ya kifua isiyobanwa ni kama megabaiti 10. Picha 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni gigabaiti 90. Miaka 10 ni 900, nazo huenea katika chombo kimoja kisichozidi ukubwa wa kitabu cha Sala. Ila viwe vyombo viwili, katika nyumba mbili, kwani mwizi na moto havichagui.

Pia jihadharini na karatasi. Hospitali nyingine hununua mtambo ili ziepuke filamu, kisha zikanunua na printa ya leza ya kuchapa kila picha juu ya filamu ya namna nyingine, kwa sababu daktari wa wodi amezoea kuinua picha dirishani. Gharama iliyotoka kwa mlango wa mbele imerudi kwa mlango wa nyuma. Kompyuta ya pili wodini, na kioo kizuri, mara nyingi ni rahisi kuliko printa.

Nifikie sasa habari ya zawadi, nami nitasema polepole, kwa kuwa marafiki wetu wa ng'ambo wametutendea mema mengi. Mwaka 2011 watafiti wawili, Perry na Malkin, walikusanya orodha za vyombo vya hospitali katika nchi nyingi zisizo na mali, wakakuta kama 4 katika kila 10 havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni watu wasiofundishwa, utunzaji usiopangwa, na umeme na maji yasiyotosha. Mtambo wa kaseti uliotolewa katika hospitali ya Ulaya umetolewa kwa sababu wenyewe wamenunua wa namna mpya, na pengine mtengenezaji amekwisha kuacha kutengeneza vipuri vyake. Kampuni zenyewe hugeuka: Kodak iliuza idara yake ya afya mwaka 2007, ikawa Carestream. Basi kabla ya kushukuru, tuulize kwa adabu: funguo za programu zimo? Ruhusa ya kuitumia yahamia kwetu? Mabamba yana mikwaruzo mingapi? Fundi aliye karibu yuko wapi, Dar es Salaam au Nairobi, naye huja kwa siku ngapi? Kuuliza si utovu wa shukrani. Hata mpokea ng'ombe hutazama meno.

Iko njia ya tatu tena, ambayo miaka michache iliyopita haikuwa ya hospitali ndogo: bao la umeme lipokealo miale na kutoa picha kwa sekunde chache, pasipo kaseti ya kupeleka katika kisomaji. Bei yake imeshuka sana, na mara nyingi huhitaji miale michache kuliko mabamba. Mimi mwenyewe naona ya kuwa hospitali inayoanza leo, yenye mashine mpya na wagonjwa wengi, haina sababu kubwa ya kununua mtambo wa kaseti. Serikali nayo, kwa sehemu ya mkopo uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, ilipeleka vyombo vikubwa vya picha katika hospitali za rufaa za mikoa, basi mgonjwa mgumu ana mahali pa kwenda. Lakini kwa hospitali yenye mashine nzuri ya zamani, wagonjwa 10 au 15 kwa siku, na vyumba viwili vya kugawana kisomaji kimoja, kaseti ingali na sifa yake. Mtu akiiangusha sakafuni, hasara ni bamba moja, na kazi huendelea kwa mengine. Akiangusha lile bao, huenda hasara ikakaribia bei ya mtambo mzima, na siku ile hakuna picha tena. Katika wodi yenye sakafu ya saruji na mgonjwa mwenye kilo 90 wa kugeuzwa, hili si neno la kupuuza.

Yote yakiisha kuamuliwa, kibali ni lazima. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, nayo ndiyo itoayo leseni za mashine za mionzi na kuzikagua. Kuta zipimwe, mlango uwe na risasi, watumishi wavae vile vibeji vya kupima miale. Kununua mtambo wa kompyuta hakumwondolei mtu wajibu huo.

Mwisho nataja chumba cha giza chenyewe. Hospitali nyingi zikipata mtambo mpya hukivunja upesi, kikawa stoo ya magodoro. Ningaliomba kisivunjwe mwaka wa kwanza. Kisomaji kipya huletwa na ugonjwa wake wa utoto, na fundi huchelewa; boksi mbili za filamu, na dawa yake, na mzee mmoja ajuaye kuosha, vyaweza kumfaa mtu wa Maramba aliyekuja usiku na mguu uliovunjika. Na zile filamu za zamani zilizojaa makabati, zisichomwe jalalani. Mna madini ya fedha ndani yake, na wako watu wanunuao. Lakini kabla ya kuziuza, zile za wagonjwa walio hai wa kifua kikuu zipigwe picha kwa kamera nzuri juu ya sanduku la nuru na kutiwa katika kompyuta, kwa kuwa daktari asomaye kifua cha leo hutaka kwanza kukiona kile cha mwaka jana.